Ndiyo Nyingi za Fundi Fyuzi

Mapenzi haya matukufu yalianza ndani ya duka la vifaa vya umeme, mbele ya foleni ya watu wanaosukumana kwa viwiko. Fundi kijana, aliyeitwa Fyuzi kwa wepesi wake wa kuungua moyo, alikuwa kwenye kaunta akisoma maelezo ya swichi kwa Kiingereza, uso ameukunja kama jaji.

"Kaka, karatasi umeigeuza juu chini," alisema msichana wa kaunta.

"Najua. Upande ule nimeshaumaliza."

Msichana alicheka hadi hereni zikacheza. Gauni lake la kijani lilimkaa sawasawa, na Fyuzi, aliyefuata swichi moja, akaondoka na mfuko mzima.

Baadaye siri ikatoka. Fyuzi alikuwa ameomba nafasi chuo cha uhandisi wa umeme, na usaili ulikuwa wa Kiingereza kitupu. Akishindwa, angebadilisha balbu za majirani hadi uzeeni. Msichana alisoma shule ya bweni ambako kuongea Kiswahili ni kosa la kufyekeshwa nyasi, hivyo akajitolea kumfundisha kwa simu kila jioni. Mapenzi yakaingia humohumo, bila hodi.

Tatizo, mwalimu aliongea upesi, na mwanafunzi kwa aibu aliitikia ndiyo kwa kila swali. Umesoma sura ya mota? Ndiyo. Umekula? Ndiyo. Jioni moja msichana akamtania kwa kumuuliza kama ana mwanamke mwingine.

"Ndiyo," Fyuzi akajibu kwa Kiingereza safi kabisa. "Sana."

Simu ikakatwa. Fyuzi akamtangazia mama yake kwamba somo la leo limekwenda vizuri mno.

Kesho yake akatinga dukani, shati limepigwa pasi hadi linang'aa. Shangazi wa msichana, mwenye duka, akampima juu mpaka chini.

"Ndiye huyu mwenye wawili?"

"Wawili nini, shangazi?"

"Shangazi yako nani?" msichana aliwaka. "Jana nilikuuliza kama una mwingine, ukasema sana!"

"Hukuniuliza!"

"Nilikuuliza kwa Kiingereza!"

"Basi hukuniuliza!"

Foleni nzima ikasahau ilichofuata. Fyuzi akashusha sauti. "Nusu ya maneno yako siyapati, mpenzi. Niliogopa utaniona bwege, uniache."

"Bwege ni wewe kweli! Fundi umeme unaitikia usichokielewa? Siku utaambiwa waya una moto, useme ndiyo, uushike, nami nivae nyeusi. Na nyeusi hainipendezi!"

Siku ya usaili, mhandisi mmoja alimwaga swali refu kama nyaya za mtaa mzima. Ndiyo ikafika kwenye meno ya Fyuzi. Akaimeza.

"Sijaelewa," alisema kwa Kiingereza. "Tafadhali, polepole."

"Afadhali," akanong'ona mhandisi wa pili. "Hata mimi."

Swali likarudi likiwa fupi: kabla ya kugusa waya, unahakikishaje hauna moto? Fyuzi akajibu kwa maneno machache na mikono mingi, na wakampokea.

Akapiga simu akiwa getini. "Mpenzi, nimepata!"

"Wacha wee!"

"Sasa nakuuliza kwa Kiswahili, tusije tukapotezana tena. Utakubali nikuoe?"

Kikasikika kishindo cha maboksi, na sauti nzito ya shangazi.

"Kijana, huyu amekaa chini ya kaunta, analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nimeitafsiri hiyo kuwa amekubali. Walete wazee wako upesi, kabla hajafuta machozi akaanza kutoa masharti."