Kitabu Kilichofutwa Kichwani

Kofia ya kisahaulishi ilimtua Sikudhani kichwani, ikaanza kuvuma kama feni kuukuu. Mashine hiyo ilikuwa fahari ya maktaba kuu ya Morogoro Mpya: huitafuta kumbukumbu ya kitabu kimoja tu, ikaifuta, ili msomaji akisome tena kwa utamu wa mara ya kwanza. Na Sikudhani, binti wa miaka kumi na sita asiyejua kusubiri, aliutaka utamu huo kwa udi na uvumba. Juzuu ya pili ya riwaya ya Wana wa Kuba ilikuwa imetoka asubuhi ile. Alitaka aanze na ya kwanza upya, kisha azimeze zote mbili kwa mkupuo.

Kabla haijafuta chochote, fundi wa mashine alimweleza taratibu kwamba kumbukumbu ya kitabu haikai peke yake, hujishikiza kwa watu. Ndiyo maana kitabu kilichosomwa na wawili pamoja hakifutwi. Kikitoka, hutoka na kumbukumbu ya mwenzako mlipokisoma.

"Ulikisoma peke yako?" akamuuliza.

Sikudhani alimkumbuka Shomari, kaka yake, aliyekuwa akimsomea kila jioni kabla mgodi wa Mwezini haujamuua. Alijua akisema kweli atarudishwa nyumbani.

"Peke yangu," akasema.

Haya, mtoto akililia wembe mpe. Kufika jioni alikuwa nyumbani, ameimaliza juzuu ya kwanza na kuzama katika ya pili. Tena tamu hiyo! Tabu, msichana aliyeutoroka mji wa kioo ambako watu hugawiwa ndoto na serikali, sasa yuko jangwani, na mmoja wa wenzake ni msaliti. Moyo ulimdunda Sikudhani, lakini hakutulia. Kila sura ilipoisha aliinua macho kukitazama kiti kilichokuwa mkabala naye, akangoja. Anangoja nini? Hakujua. Alihamia kitandani, akaenda dirishani, akarudi palepale. Kuna kitu kilimwasha mahali asipoweza kujikuna.

Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa akichambua mchicha huku akimtazama na kumsikia akimnung'unikia yule msaliti. Mwishowe akacheka, akasema Shomari angekuwa ameshamtaja msaliti.

"Kwani Shomari naye alikisoma?"

Mama akauacha mchicha. Alielewa upesi, maana matangazo ya mashine ile yalijaa kila ukuta mjini. Hakugomba, afadhali angegomba. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba kaka yake alikuwa akikaa kwenye kiti kile, akisoma, na kila sura ilipoisha alifunga kitabu na kuuliza swali lilelile, wakabishana mpaka yeye mama awanyamazishe kutoka jikoni. Sikudhani alitafuta kichwani. Alimwona Shomari akifunga viatu, Shomari akiaga. Shomari akisoma hakumwona.

"Swali gani, Mama?"

Mama alijifuta mikono kwa kanga, akaketi kwenye kile kiti. Akamwambia aisome kwa sauti sura aliyofikia. Sikudhani akasoma, akijikwaa kwa machozi, mpaka mwisho wake.

"Haya," akasema mama, "nani mwongo hapa?"

Mwili ulimsisimka. Swali lilikuwa lenyewe, ila sauti siyo. Alijitahidi kuisikia ile ya Shomari, hakuisikia.

"Mimi, Mama," akajibu. "Nilisema nilikisoma peke yangu."