Katambuga za Punda wa Sikujua

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza ya shule haijagongwa, Sikujua Malale alikuwa ameshakwenda pampu na kurudi. Punda wake, Jembe, alibeba madumu manne ya maji, mawili kila ubavu, na hakungoja kuchapwa wala kuvutwa kamba. Njia ya pampu aliijua kuliko baadhi ya watu wazima wa kijiji kile, hasa wale wanaorudi nyumbani wakipitia kilabuni.

Sikujua alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kama kulikuwa na mtoto mwenye maringo kwa sababu ya punda katika vijiji vyote vinavyozunguka Kibaoni, basi ni yeye. Alimsugua Jembe kwa gunzi la mahindi mpaka manyoya yakang'aa. Wenzake walipomwita kucheza rede aliwajibu, "Ngojeni kwanza, nina kazi na Jembe."

Maringo hayo hakuyaokota njiani. Baba yake, Mzee Malale, alihamia Mpimbwe na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kabla Sikujua hajazaliwa, na katika boma la Msukuma ng'ombe aliyenona ni heshima ya mwenye boma. Mgeni akifika huoneshwa ng'ombe kabla ya kuoneshwa kiti. Baada ya mavuno, pumba za mahindi zilichukuliwa mashineni na kuwekwa kwenye gunia, ziwe chakula cha maksai wa kulimia. Punda hakupewa. Punda alijitafutia nyasi.

Jambo hilo lilimuuma sana Sikujua. Maksai wanalima miezi michache tu, na Jembe anabeba maji mwaka mzima! Basi mwezi wa tano alianza kuchota bakuli la pumba kila jioni na kumpelekea Jembe nyuma ya zizi. Jembe alikula mpaka akalilamba bakuli. Bakuli moja likawa mawili. Shingo ya punda ikanenepa, na Sikujua akajiona mfugaji kweli kweli. Mama alipoona gunia linapungua aliwalaumu mbuzi, na mbuzi hawana mdomo wa kujitetea.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita, Jembe alikataa kutoka zizini. Alipovutwa alitembea hatua fupi fupi, uzito wote ameutupa nyuma, kama anayekanyaga makaa ya moto. Mzee Malale aliinua miguu ya mbele ya punda, mmoja baada ya mwingine, akatafuta mwiba au jiwe. Hakuona kitu.

"Sikujua, umempa nini huyu punda?"

"Nyasi tu, baba."

Jibu lilitoka haraka kuliko alivyotaka. Mzee Malale alimtazama kidogo, kisha akaenda kuchemsha maji ya chumvi ya kumkanda punda miguu. Sikujua alibaki ameshika kamba. Aliogopa kuchapwa, na aliogopa zaidi kuambiwa kwamba yeye si mfugaji.

Kosa la pili lilizidi la kwanza. Nyumbani kwao mgonjwa hupewa uji apate nguvu. Basi Sikujua akafikiri, kama binadamu hupewa uji, punda mgonjwa aongezewe pumba. Akaongeza bakuli la tatu. Siku ya nne Jembe alilala chini, akawa hataki kusimama kabisa.

Mzee Malale alimpigia simu Daktari Mariana, afisa mifugo wa kata. Alifika kwa pikipiki kabla ya saa nne. Nyuma yake alikuja Shadrack, mnunuzi wa mifugo, ambaye habari za mnyama mgonjwa humfikia kabla mnyama mwenyewe hajajua kwamba anaumwa.

Daktari Mariana aliweka kiganja kwenye ukwato wa mbele. "Unachemka. Mzee, punda huyu anakula nini?"

"Nyasi, daktari. Punda anakula nini kingine?"

"Nitampiga sindano ya maumivu. Lakini kama kuna chakula kingine anakula na sikijui, sindano yangu ni kazi bure. Kesho atalala tena hivi hivi. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mzee Malale," alisema Shadrack, "mimi sikufichi. Punda akifika hapa huwa harudi. Niachie, nimpeleke mnadani angali anapumua."

Mzee Malale alivuta pumzi, akamtazama Jembe, akainamisha kichwa polepole kama mtu anayekubali. Hapo Sikujua akasogea mbele.

"Baba, mimi ndiye niliyempa pumba," alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kila siku jioni. Toka mwezi wa tano. Na alipoumwa nikamwongezea, nilidhani atapata nguvu. Nilikudanganya, baba. Nisamehe."



"Sasa nimepata ugonjwa wa kutibu," alisema Daktari Mariana. Aliinua ukwato na kumwita Sikujua aone. "Punda si ng'ombe, binti yangu. Ng'ombe ana tumbo la kuzimudu pumba. Punda akishiba wanga, damu yake inachafuka, na nyama laini iliyo ndani ya ukwato inavimba. Ukwato wenyewe ni mgumu, hautanuki. Wewe ukivaa kiatu kidogo mguu ukiwa umevimba, unajisikiaje?"

"Naumia."

"Na yeye kiatu hicho hawezi kukivua."

Mzee Malale hakumchapa Sikujua, na hilo lilimchoma kuliko fimbo. Mwishowe alisema, "Mpaka mnada wa mwezi wa nane. Akiwa anatembea, atabaki. Kama hatembei, Shadrack atamchukua, na mtu asilie mbele yangu."

Daktari alipunguza ncha za kwato kwa kisu na tupa. Akaagiza pumba zikome kabisa, punda ale nyasi kavu na majani makavu ya mpunga, alale juu ya mchanga laini. Uvimbe ukipungua atembezwe kidogo kidogo. "Shida ni ardhi yetu hii ya kiangazi," aliongeza, "ngumu kama sakafu. Wenzetu wenye farasi huwavalisha viatu vya kwato, na ndani wanaweka pedi laini za kukanyagia. Hapa havipatikani."

Sikujua alilishika neno hilo la viatu. Jumamosi alikwenda sokoni Kibaoni, moja kwa moja kwa Babu Benedikto, fundi wa katambuga anayekata kandambili za matairi tangu baba zetu wakiwa wadogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unataka katambuga za shule?"

"Za punda, babu. Jozi moja."

Babu Benedikto alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Nyie Wasukuma nyie! Mmetuletea ng'ombe, wakala mpunga wetu. Sasa mnataka punda wapite sokoni wamevaa viatu kutuzidi sisi Wapimbwe?" Lakini Sikujua alipomweleza yote, hata habari ya uongo wake, mzee yule aliacha kucheka. "Kalete kipimo. Msimamishe juu ya kipande cha boksi, uchore kwa mkaa kuzunguka ukwato. Kiatu bila kipimo ni adhabu."

Jozi ya kwanza haikufaa. Ukwato si mguu wa mtu, hauna vidole vya kushikilia kamba, na Jembe alitembea hatua nne tu viatu vikabaki nyuma yake. Jozi ya pili Babu Benedikto aliizungushia ukuta wa turubai na kuifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Hiyo ilishika, ila ilimchubua nyuma juu ya kisigino. Sikujua alirudi sokoni mara ya tatu na kipande cha blanketi lake kuukuu. Walikishonea kwenye ukingo wote kwa ndani.

Pedi alizitengeneza mwenyewe. Mwanzoni alikata sponji ya godoro lililokwisha, na siku hiyo Jembe alisimama akashusha pumzi ndefu, uzito akaurudisha mbele kwa mara ya kwanza. Sikujua alimkumbatia shingo akacheka peke yake. Lakini sponji ilibonyea baada ya siku mbili. Akaokota ndala zilizotupwa, akazikata kwa umbo la ukwato, akaweka ndala chini na sponji juu. Hizo zilidumu wiki nzima.

Msidhani kazi ilikwisha hapo. Kila jioni alivua viatu, akasafisha kwato, akazikausha, akaanika pedi, kwa sababu daktari alimwonya kwamba unyevu huozesha ukwato. Kila asubuhi alimvalisha na kumtembeza, kwanza hatua kumi, halafu mpaka kwenye ua, halafu mpaka barabarani na kurudi. Na maji? Maji aliyabeba yeye, kichwani, safari nne kabla ya shule. Shingo ilimuuma, na hakumlalamikia mtu.

Shuleni walimtania. "Sikujua, punda wako leo kavaa viatu? Mwambie achomekee na shati, mwalimu wa zamu anakagua!" Sikujua naye alicheka. Alijua kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumtengenezea mnyama viatu vikafanya kazi. Hapo, mimi ninayesimulia namuunga mkono: ana haki ya kujivuna.

Siku ya mnada ilifika. Uwanja wa mnada ni wa changarawe tupu, na siku hiyo ulijaa ng'ombe, mbuzi, vumbi na maneno. Mnadani kila mtu husifu chake. Ng'ombe wa miaka kumi na miwili husemwa ana minne, na kilema hufunikwa kwa maneno matamu. Mzee Malale aliingia akiwa na fimbo yake mkononi, na nyuma yake Sikujua akimwongoza Jembe na katambuga zake mbili za mbele.

Watu walicheka, kisha wakatazama vizuri. Punda aliyelala chini mwezi wa sita alikuwa anatembea hatua ndefu, zilizo sawa, kichwa juu.

"Shadrack, umeona?" Mzee Malale alisema kwa sauti ili wote wasikie, uso ukimng'aa. "Ulisema harudi, amerudi! Sikujua, waambie watu. Amepona, hajapona?"

Macho yote yalimgeukia. Neno moja tu, na Jembe angebaki. Baba mwenyewe alikuwa analitaka neno hilo, tena mbele ya wazee wenzake. Sikujua aliitazama miguu ya Jembe. Kisha akachutama, akafungua tyubu, akavua katambuga zote mbili, akavuta kamba.

Jembe alikanyaga changarawe. Hatua ya kwanza fupi, ya pili fupi zaidi, ya tatu akasita.

"Bado hajapona, baba," Sikujua alisema. "Akivaa viatu haumii. Bila viatu anaumia kwenye mawe. Ameendelea vizuri, lakini nikisema amepona nitakuwa nimekudanganya tena."

Shadrack alivua kofia akakuna kichwa. "Miaka yote nanunua mifugo, sijapata kuona mtu anatangaza kasoro ya mnyama wake katikati ya mnada." Akaishika kamba aliyokuja nayo, akaizungusha mkononi. "Haya, mzee, makubaliano yetu yanasemaje?"

Mzee Malale alimpa Shadrack fimbo yake ya mfugaji aishike, akapiga magoti kwenye vumbi, yeye mwenye boma la ng'ombe arobaini, akainua ukwato wa Jembe na kuanza kumvalisha katambuga mbele ya watu wote. Hakujua kufunga tyubu. Ilibidi bintiye amwelekeze.

"Makubaliano yalisema akitembea anabaki," alisema alipoinuka, magoti yakiwa mekundu kwa vumbi. "Ametembea kuja, na atatembea kurudi. Nipe fimbo yangu." Kisha akamgeukia Sikujua. "Mama, sikia. Kukosea katika mifugo ni kawaida, hata mimi nimeua ndama kwa dawa nisiyoijua. Lakini mnyama hana mdomo. Mdomo wake ni yule anayemchunga. Mchungaji akidanganya, mnyama anakufa kimya. Mwezi wa sita ulinidanganya ili usichapwe. Leo umesema kweli ukijua unaweza kumpoteza. Najivunia wewe, na wote hapa wasikie."

Sikujua alilia, na safari hii baba yake hakumkataza.

Waliendelea na pedi na matembezi mwezi wa tisa na wa kumi. Mvua za kwanza za Novemba zilipolainisha njia, Jembe alikuwa ameshavua viatu, anabeba madumu mawili, kisha matatu, kisha manne. Wiki hiyo Daktari Mariana alikuja kuchanja ng'ombe. Alifungua daftari lake, akamuuliza Mzee Malale ni wangapi wana afya na wangapi wanaumwa.

Mzee Malale alikuwa anaijua hesabu hiyo vizuri. Hata hivyo alielekeza fimbo zizini, alikosimama msichana wa darasa la sita na gunzi mkononi.

"Daktari," alisema, "katika boma hili, habari za mifugo muulize Sikujua. Atakachokwambia, andika."