Aliyeilaza Ngoma

Ijumaa, kabla ya kengele ya gwaride, mwalimu wa muziki alisukuma mlango wa chumba chake usio na kufuli, akaona pazia halipo dirishani. Akageuka haraka kuitazama ngoma ya shule. Ipo. Ilikuwa imelala ubavu sakafuni, juu ya lile pazia lililokunjwa vizuri, uso umeelekea ukutani, kamba ya kubebea imeingizwa chini yake. Akashusha pumzi. Kuigeuza tu, akakuta ngozi imechanwa kwa kisu kutoka ukingo hadi ukingo. Kelele aliyopiga iliwatoa wapishi jikoni na miiko mikononi.

Nyinyi mtasema ngoma ni ngoma, inunuliwe nyingine. Kaseme hivyo mbele ya wanafunzi wa shule ile uone utakavyotoka. Ngoma hiyo haikuguswa na mtu asiye wa kikundi chake, na haikuwekwa chini kwenye sakafu tupu hata kwa bahati mbaya. Mechi na mahasimu wao ilikuwa kesho. Jioni ya leo, kama kila mwaka, wanafunzi wote wa kidato cha kwanza walipaswa kuibeba juu ya vichwa kuzunguka uwanja bila kuitua, wakubwa wakiwamwagia maji na kuwaimbia. Anayemaliza ni mtoto wa shule. Anayekataa anaitwa Kifaranga mpaka amalize masomo, na jina hilo halitoki hata kwa sabuni ya magadi.

Kufikia mapumziko ya chai shule nzima ilikuwa haitulii. Madarasani miguu inatikisika chini ya madawati, milango inafunguliwa na kufungwa bila sababu, walimu wanafundisha huku wanachungulia dirishani. Kila mtu alikuwa anatafuta mchawi.

Kwanza wakasema ni mahasimu: wameingia dirishani, ndiyo maana pazia limeng'olewa. Mwalimu wa historia, mama mmoja mkavu ambaye wanafunzi walimpachika jina la Kwanini, akaenda kutazama nje ya dirisha. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Udongo wa chini ya dirisha ulikuwa laini, na haukuwa na alama ya kiatu wala ya kidole.

Mahasimu walipotoka lawamani, akabaki Mgeni. Mgeni, kama wote walivyomwita, alikuwa kijana wa kidato cha nne aliyehamia mwaka uliopita, tena akitokea shule hiyohiyo ya mahasimu. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga. Huyu wenyeji walimtafuna. Mpishi wa chai alimwona alfajiri akitoka kwenye jengo la muziki. Alipoulizwa, hakukana kuwa alikuwepo. Alipoulizwa alifuata nini, alitazama viatu vyake.

Mkuu wa shule hakutaka kusikia zaidi. Akampigia simu baba wa kijana aje amchukue mtoto wake, na akaagiza sanduku lake litolewe bwenini. Mtihani wa mwisho ulikuwa mwezi ujao. Kumfukuza wakati huo ni kumtupia miaka yote minne ya masomo shimoni, na Mkuu alilijua hilo.

Kwanini alimfuata ofisini akamwomba muda mpaka baba afike. Mkuu alikuwa anazunguka meza yake kama kuku anayetafuta pa kutagia. Zamani aliwahi kuwa nahodha wa ngoma hiyohiyo, na sasa macho yalikuwa mekundu. Akaanza kusimulia enzi zao, na Kwanini akamwacha aseme. Mtu mwenye uchungu humkatizi.

"Hata kuilaza ilikuwa na adabu yake," Mkuu akasema. "Kigoda chake kikienda karakana kutengenezwa, kama wiki hii, unatafuta kitambaa. Unaikunjia. Unaigeuza uso ukutani, kamba unaificha chini. Nahodha anayeondoka humnong'oneza anayeingia. Hata kikundi hakiambiwi."

Kwanini akaweka kikombe chini. "Sasa hivi hapa shuleni, Mkuu, nani analijua hilo?"

"Mimi. Na Nahodha wa sasa."

Alilisema kabisa, kwa kinywa chake, na bado hakuliona. Jamani, hasira nazo ni kitambaa cha macho. Kwanini akamwomba amwite Nahodha, na amwite Mgeni.

Baba wa Mgeni aliwasili akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nywele; alikuwa seremala, na simu ilimkuta kazini. Alikaa ukingoni mwa kiti. Mwanawe alisimama karibu na mlango. Nahodha, kijana mrefu ambaye sauti yake ilikuwa ikiamsha uwanja mzima, alisimama katikati, vidole vyake vikipigapiga paja.

Kwanini hakuzunguka. Akawaeleza kwamba pazia halikutolewa ili mtu apite dirishani. Lilitolewa litandikwe. Aliyeichana ngoma alishika kisu, akafanya alilofanya, kisha akashindwa kuiacha kwenye sakafu tupu. Akailaza jinsi anavyoilaza kila siku kigoda kinapokosekana, mikono ikafanya yenyewe. Adui angeipiga teke. Mgeni, hata angependa, asingejua uso unaelekea wapi, maana hajawahi kuruhusiwa kuisogelea.

Mkuu akakaa. Sasa ndipo alipoliona.

"Sikufanya mimi," Nahodha akasema, lakini kwa sauti ya mtu mwingine.

Kwanini akamgeukia Mgeni, akamuuliza alfajiri ile alimwona nani. Baba yake akainuka. "Mwanangu, unafukuzwa. Sema."

"Nilienda kuitazama tu," Mgeni akasema taratibu. "Mchana huwa wananifukuza. Nikasikia mtu anakuja, nikajificha nyuma ya kabati." Akamtazama Nahodha usoni. "Siku ya kwanza niliyofika, wewe ndiye uliyeniambia kwamba mwanafunzi wa hapa hamchongei mwenzake, hata akichapwa. Nikajiambia nikinyamaza hata leo, labda nitakuwa wa hapa."

Nahodha aliziba uso kwa viganja vyote viwili.

Mdogo wake alikuwa kidato cha kwanza, alianza kusimulia, na ana pumu. Dawa yake anaificha ndani ya soksi wenzake wasimcheke. Mwaka jana mtoto mmoja alianguka na ngoma akavunjika mkono, shule ikaambiwa ameteleza bafuni. Aliyekuwa anawaimbia siku ile, akiwakataza wasiitue, ni yeye Nahodha. Mara hii alimsihi mdogo wake aseme anaumwa. Mtoto akamjibu kwamba bora afe kuliko kuitwa Kifaranga. Bila ngoma, basi, hakuna kuzunguka uwanja.

"Ungekuja kwangu," Mkuu akasema.

"Nilikuja, Mkuu. Jumatatu. Nikakuomba mzunguko usimamishwe. Ukacheka, ukasema sisi sote tulipita na tuko hai."

Aibu ilimpanda Mkuu mpaka masikioni, ikaonekana wazi. Mwishowe akasema mzunguko umefutwa, mwaka huu na miaka yote, na kuhusu Nahodha bodi itaamua. Kisha akamnyooshea Mgeni mkono. Akamwomba radhi mbele ya baba yake, akamwambia arudishe sanduku bwenini, yeye ni mtoto wa shule hii.

"Nitakuja kufanya mtihani, Mkuu," Mgeni akajibu. "Kulala hapa, hapana."

Kwanini hakumbembeleza. Alijua hata yeye, kwa mwaka mzima, alikuwa akimwita Mgeni kama wengine.

Nje, wanafunzi walikuwa wamejazana mpaka kwenye ngazi. Walipomwona anatoka na baba yake, sanduku katikati yao, wakaanza kumzomea. Mabati na vijiko vikagongwa. Njia ya kwenda getini ilikuwa nyembamba, na kelele zikawafuata kila hatua.

Nahodha akatoka barazani bila ruhusa. Akapanda ukuta mfupi wa baraza, akavuta pumzi kama anavyofanya uwanjani.

"Ngoma nimeichana mimi!"

Akarudia, na mara ya pili sauti ilikwaruza. Zomeazomea ikakatika, ikaanza tena kwa wachache wa nyuma waliokuwa hawajasikia, kisha nayo ikafa. Kati ya wale wa kidato cha kwanza, mtoto mmoja mwembamba akainua kichwa kumtazama kaka yake, asijue ajifiche wapi.

Getini, Mgeni akaweka upande wake wa sanduku chini. Baba akamuuliza kama amesahau kitu.

"Hapana, baba. Subiri kidogo," akasema. "Nataka nisikie wanavyonyamaza."