Kichwa cha Kijiti

Muuguzi mkongwe wa wodi ya watoto njiti alikuwa na ukali wa jambo moja tu, kichwa. "Kichwa cha njiti kinyooke, kitazame juu," aliwaimbia akina mama kila kukicha. "Mkipinda shingo, damu inakwama. Mishipa ya ubongo wake bado laini mno, inapasuka."

Basi alipomkuta Kijiti, mdogo kuliko wote wodini, kichwa kimegeukia dirishani, alimjia juu mama yake.

"Sijamgusa, sista. Haki ya Mungu."

Muuguzi alikinyoosha, akakiegemeza kwa vitambaa vilivyoviringishwa. Aliporudi na nepi, kilikuwa kimegeuka tena. Na wodi nzima, ambamo hata sabuni yenye manukato ilipigwa marufuku, ilinukia udi.

Mchana daktari alipitisha kipimo utosini mwa Kijiti, akaona doa kwenye picha. "Damu imeanza kuvuja kwenye ubongo," alisema. "Bado ni kidogo. Ikizidi tunaweza kumpoteza. Asisumbuliwe, tungoje."

Tungoje! Kusema ni rahisi. Mama alibaki peke yake kando ya inkubeta, na hapo ndipo aliposikia sauti ya kufyonza, taratibu, kama ya mtu anayefaidi mfupa wenye uroto, akatazama na kuona utosi wa mwanawe ukibonyea chini ya kidole asichokiona, na kile kichwa kidogo kikigeuka, kikigeuka, kuelekea dirishani.

"Mwache," alinong'ona. "Changu hiki hapa."

"Chako kigumu," sauti ilimjibu sikioni.

"Utakizoea."

Kufyonza kukakoma.

Picha zilizofuata zilionyesha doa halikuongezeka, kisha likaanza kufifia. Kijiti alilala kichwa kimenyooka, hata vitambaa havikuhitajika. Muuguzi, mkali yule yule, alitokwa na machozi ya furaha. Alimkimbilia mama, aliyekuwa ameketi akitazama dirishani.

"Hongera, mama! Mwanao amepona. Geuka basi umwone!"

Mama hakugeuka. Muuguzi akamshika mashavu, akamnyoosha shingo kwa upole, kama alivyozoea kwa vichanga. Alipomwachia, kichwa kilirudi polepole dirishani, na harufu ya udi ikapanda.

"Usikinyooshe, sista," mama alinong'ona. "Akitoka kwangu, atarudi kwa mwanangu."