Usingizi wa Maji

Prado nyeusi ilikata kona ya Msamala kwa kasi, ikasambaratisha nyanya za wachuuzi, wala haikupunguza mwendo.

Lidwina Haule alilaza kifua juu ya tangi la pikipiki yake ya Honda, akavuta mafuta mpaka mwisho.

"Kanga, uko wapi?" Sauti ya Saimon, mkuu wake, ilikwaruza sikioni, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Nyuma yake."

"Namtaka hai."

"Utampata hai."

Barabara ilipofunguka, akachomoa bastola yake ya Glock. Risasi moja. Tairi la nyuma likapasuka, Prado ikayumba na kuangukia mtaroni.

Polikarp alitoka mikono juu. Ndiye aliyekuwa akiratibu utafiti wa dawa mpya ya usingizi wa upasuaji, iliyokuwa ikijaribiwa kwa wazee ambao dawa za zamani huwashusha presha. Idara ya usalama ilikuwa imemnasa akiwasiliana na Krall, wakala wa nje aliyetumwa na kampuni pinzani kuhakikisha dawa hiyo inakufa kabla ya kuingia sokoni.

Lidwina alimfunga pingu kwenye mlango wa gari, akafungua kisanduku cha barafu. Chupa za utafiti zilikuwa zimejaa. Lakiri hazijaguswa.

Akamgeukia Polikarp.

"Kama hizi ziko hapa, hospitalini kuna nini?"

"Maji ya chumvi." Polikarp alitabasamu. "Ila dawa ya kulegeza misuli ni halisi. Na mashine ya kupima ubongo nimeichezea, itasema mgonjwa amelala. Umechelewa, dada. Bibi wa Tunduru yuko mezani tayari; akisimulia alivyopasuliwa akiwa macho, dawa yenu imekufa."

Lidwina hakusikia mengine.

Kimawazo alikuwa amerudi ng'ambo ya mto Ruvuma, juu ya meza nyingine, risasi tumboni na dawa feki mishipani. Kope hazifunguki. Ulimi haunyanyuki. Kisu anakihisi. Aliita, akaita, na sauti yote ikabaki kichwani mwake, huku madaktari wakibishana juu ya mechi ya jana.

"Saimon, pigia simu chumba cha upasuaji."

"Hawapokei. Krall anakimbilia uwanja wa ndege, na wewe ndiye uliye karibu. Mfuate."

Akageuza pikipiki kuelekea hospitali.

"Kanga, hiyo ni amri."

Akazima redio.

Alisukuma mlango wa chumba cha upasuaji kwa bega. Aidan, mtaalamu wa usingizi, akamkingia njia.

"Huruhusiwi humu."

"Yuko macho huyo."

"Amelala. Tazama mashine."

Lidwina alimtazama mgonjwa. Daktari alikuwa ameshachana ngozi ya paja. Plasta iliyofunika jicho la Bibi Zuhura, yule wa Tunduru, ilikuwa imelowa machozi.

Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa mpira ili dawa ya kulegeza misuli isiufikie. Ndivyo utafiti ulivyotaka: mgonjwa akiwa macho, aweze kuashiria. Lakini mkono ulikuwa chini ya shuka, na wote walikuwa wakitazama mashine.

Akafunua shuka. Akaushika.

"Bibi, kama unanisikia, nibane."

Vidole vikambana. Vikazidi kubana, hata kucha zikamzama ngozini.

Daktari aliweka kisu chini. Aidan alikimbilia kabati la hospitali, akavuta dawa wanayoijua, akaichoma kwenye mshipa wa bibi.

"Usingizi unakuja sasa, bibi. Siondoki," Lidwina alimnong'oneza.

Taratibu, vidole vikalegea.

Alasiri Bibi Zuhura alifumbua macho wodini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa kavu. "Niliita. Nikasoma shahada, nikajua nimekwisha. Hakuna aliyenisikia."

"Najua."

"Litanitoka jambo hili?"

Lidwina alimshika mkono. "Litapungua. Ukipata mtu wa kumwambia, mwambie."

Yeye hakuwahi kumwambia mtu.

"Na wewe ulijuaje?"

Alimfunika bibi vizuri, akaaga.

Koridoni akawasha redio.

"Krall nimemkamata mwenyewe kwenye ngazi ya ndege," Saimon alisema. "Polikarp anataja majina. Utafiti umesimamishwa mpaka kila chupa ikaguliwe. Na wewe umevunja amri."

"Nimevunja."

"Una la kusema?"

Nyuma yake, mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka. Mkasi ukalia kwenye sinia. Kwa nukta moja akawa tena juu ya meza ile ya ng'ambo ya mto.

"Sina."

Alivaa glavu juu ya alama za kucha, akashuka ngazi bila haraka, akaondoka.