Nyayo za Januari

Jioni ile ya Juni, Chizuru alijiandaa kutoka kwenye kibanda chao cha kulaza wapandaji mlima, na mfuko wa unga mwekundu kwenda kuumwaga juu ya theluji, ili wapandaji wa kesho wasipotee njia. Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe, Tatsuo. Mwezi wa Januari alitoka kibandani kwenye dhoruba, kumtafuta mpandaji aliyepotea, na hadi leo mlima haujamrudisha.

"Usiumwage kama unatia chumvi kwenye supu," alimtania mkwewe, Mzee Genzo, akichochea jiko. Kisha akashusha sauti. "Na usipomwona safari hii, mwanangu, tukazike mtungi wake wa mifupa hivyo hivyo, mtupu. Tumengoja vya kutosha."

Mtungi mtupu! Chizuru akautupia mfuko begani, akatoka. Alitaka walau mfupa mmoja wa kutia humo, apate pa kulilia.

Ukungu ukashuka, ukakimeza kibanda. Akabaki peke yake na mlio wa miiba ya chuma ya viatu vyake. Krr... krr...

Ndipo akaziona nyayo. Hazikudidimia, zilisimama. Watu wa mlimani wanajua: mguu ukiikandamiza theluji ya majira ya baridi, joto likija ile ya pembeni huyeyuka mapema, unyayo ukabaki juu kama kigoda. Hizi zilikuwa za Januari. Na wa kushoto ulipinda nje, kwa lile goti bovu la Tatsuo.

"Nakuja, mume wangu," akanong'ona, huku akilia kwa furaha.

Akazifuata hadi ukingoni, pale theluji inaponing'inia hewani bila mwamba chini yake. Zikaishia hapo. Kumbe alianguka. Chizuru akalala kifudifudi, akachungulia. Ukungu mtupu. Harufu ya sufu iliyolowa ikampita puani.

Krr... krr...

Lakini yeye alikuwa amelala. Hakuusogeza mguu.

Akageuka. Kando ya nyayo zilizosimama palikuwa na nyingine, zilizodidimia, mbichi, maji yakichuruzika ndani yake. Zilianzia ukingoni. Zilielekea kibandani.

Wa kushoto ulipinda nje.

Alikimbia akimwita mkwewe hadi sauti ikamkauka. Mlango ulikuwa wazi. Mzee Genzo alikaa jikoni akitabasamu, machozi yakimtiririka. Kando yake mto wa kukalia ulikuwa umebonyea, umelowa chapachapa.

Juu yake hakuonekana mtu.

"Funga mlango, mwanangu," mzee akanong'ona. "Mwenzio anasikia baridi."

Chizuru alisimama kizingitini. Aliogopa, tena sana. Ila miezi yote ile alikuwa akilala peke yake.

Akaingia, akaufunga mlango.