Waya wa Pasi Shingoni mwa Mama Mkwe

Asubuhi ile tosta ilirusha mkate juu, wa moto, umekauka vizuri, ilhali plagi ilikuwa imelala mezani, haijachomekwa popote.

Mshonaji alibaki amesimama, kisu cha siagi mkononi. Akaugeuza ule mkate. Moto ulikuwa umechora juu yake alama za meno.

"Umeunguza tena?" mama mkwe wake aliita kutoka sebuleni. "Mwanangu alioa mke au alioa mchoma mkaa?"

Maneno hayo alikuwa ameyameza miaka minne. Juzi tu ndipo yalipomkaba, akaziinamia nyaya nyekundu za ile tosta akanong'ona, "Yeyote aliyemo humu ndani, ninyamazishie huyu bibi." Hasira tu. Nani angedhani kuna wa kusikia?

Kesho yake birika la umeme lilichemka tupu, na jikoni kukanuka nywele zilizoungua. Mumewe, fundi magari, alichomoa kila waya akacheka.

"Panya hao."

"Panya gani anachemsha maji?" mkewe alinong'ona. Mume akajifanya hakusikia.

Jumamosi mchana mama mkwe aliingia jikoni kutafuta chumvi. "Nyumba gani hii, hata chumvi..." Hakumaliza. Waya wa pasi uliteremka kutoka juu ya kabati, ukamzunguka shingo mara mbili, ukamvuta hadi vidole vya miguu vikaacha sakafu, na mwanawe alipomrukia amshike miguu pasi yenyewe ikazunguka hewani ikampasua kipaji cha uso, akaanguka kama gunia, damu ikamjaa machoni, na huku blenda ikinguruma bila umeme, mfuniko ukiruka, visu vyake vikichomoka kimoja kimoja na kujikita ukutani, mshonaji alitambaa chini ya visu hivyo na mkasi wake wa vitambaa, akaubana waya kwa nguvu zake zote, nao ukamtupa hadi mlangoni, meno yakigongana, viganja vikifuka moshi.

Mlangoni alimkuta jirani yao, mganga waliyemwita Bi Ubani, amekimbilia mayowe.

"Mkasi haukati kitu hapo!" mganga alifoka. "Jini haingii asipoitwa. Nani kamwita?"

Mama mkwe alikuwa akigeuka rangi ya majivu.

"Aliyemwita ndiye wa kumtoa! Aseme alichoomba, kwa mdomo wake, mbele ya aliyeombewa. Upesi!"

Mshonaji alitazama damu ya mumewe ikipita chini ya meza. Akijua neno hilo litaivunja ndoa yake, alilia kwa sauti, "Ni mimi! Mama, nilimwomba akunyamazishe. Sitaki tena! Mwache! Toka!"

Tosta ikapasuka. Kitu kama moshi mzito kilipita katikati yao, kikampiga Bi Ubani kikumbo, kikatoka na fremu nzima ya dirisha. Waya ukalegea. Mama mkwe akaangukia mikononi mwa mkwewe aliyemkimbilia.

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

Yule mama hakumsukuma. Machozi yakimtoka, alitikisa kichwa, akajigonga kifuani mwake, kisha akagusa kifua cha mshonaji. Akarudia tena, kwa haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Bi Ubani, aliyekuwa akimfunga fundi kichwa kwa kitambaa, akasimamisha mikono.

"Na wewe ulimwita jini wako?"

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Ndiyo.

"Ulimwombea huyu nini? Kifo?"

Akainamisha tena, akilia, akimshika mshonaji mkono mpaka kucha zikazama.

"Basi sema! Sema kwa mdomo wako, mama, kabla jini wako hajaanza!"

Mama mkwe akafungua mdomo. Mishipa ikamtoka shingoni, pale waya ulipoacha mifereji miwili myekundu. Akajaribu, akajaribu tena, akijipiga koo kwa ngumi. Ilitoka hewa tupu.

Chumbani, cherehani ikaanza kushona peke yake, polepole kwanza, kisha kwa kasi.

Mama mkwe akamvuta mshonaji nyuma ya mgongo wake, akasimama mlangoni kukielekea chumba, mikono ameitanua.